Jinsi ya kuchagua stesheni ya kulehemu kwa elektroniki ya nyumbani

Kabla ya kuuliza bei ya stesheni (kisanduku cha kudhibiti joto chenye mpini wa kulehemu), uliza bei ya ncha zake, yaani vile vichwa vinavyoyeyusha, na uliza kama zinapatikana. Stesheni inaweza kukaa mezani miaka kumi. Ncha huchakaa, na kuna siku kazi itataka ncha ya umbo jingine kabisa. Ukinunua mashine ambayo ncha zake haziuzwi mjini kwako, siku ncha ya kwanza ikifa na mashine imekufa. Skrini ya rangi, vitufe vya kumbukumbu na lile "90W" lililoandikwa kwa herufi kubwa kwenye boksi vije baadaye.

Mwongozo huu ni wa mtu anayefanya elektroniki kwa kupenda: anaunga bodi za Arduino, anajenga ampifaya, anafufua redio ya babu. Humu tukisema lehemu tunamaanisha ule waya wa kuyeyusha ambao mafundi wengi wanauita risasi, na tukisema risasi tunamaanisha madini yenyewe. Nyuzi zote ni za Selsiasi.

Hatua ya 1: Andika unachotaka kutengeneza

Chukua karatasi, orodhesha kazi unazotarajia kufanya mwaka huu, kisha zitazame ni za uzito gani.

Nyepesi ni bodi za Arduino na ESP32, sensa, taa za LED, vipuri vyenye miguu inayopenya kwenye bodi, na SMD (vipuri vidogo vinavyobandikwa juu ya bodi) zinazoonekana kwa macho kama 0805, ambayo ina urefu wa milimita 2. Kwa kazi hizi stesheni yoyote inayodhibiti joto kweli inatosha.

Nzito ni ampifaya, inveta, plagi za XT60 (za betri zenye mkondo mkubwa), kebo za sola za 4 mm² na kuendelea, na bodi za kompyuta zenye tabaka pana la ethi (shaba iliyotanda kwenye bodi). Stesheni dhaifu huumbuka hapa.

Halafu kuna kazi za simu: vipuri vya 0402 vyenye urefu wa milimita 1, soketi za USB-C, viunganishi vya skrini. Hizo zinadai ncha nyembamba sana, hewa moto na hadubini, na gharama yake ni ya mtu anayefungua kibanda. Usiiweke kwenye hesabu ya stesheni ya kwanza.

Kama orodha yako ina kuunga betri za lithiamu za 18650, ifute kwanza. Seli hizo hazilehemiwi moja kwa moja kwenye ncha zake, joto linaziharibu kwa ndani. Hubandikwa vibati vya nikeli kwa mashine yake maalumu.

Hatua ya 2: Elewa joto linakwenda wapi

Lehemu ya 63/37, yaani asilimia 63 bati na asilimia 37 risasi, huyeyuka kwa nyuzi 183. Ya 60/40 huanza kulainika kwenye 183 hiyohiyo na kumalizikia 190 hivi. Isiyo na risasi ya aina ya SAC305, ambayo ni bati lenye asilimia 3 ya fedha na nusu asilimia ya shaba, huyeyuka kati ya 217 na 220. Ya bati na shaba tupu huyeyuka 227.

Kama ni 183, kwa nini watu wanaweka 350? Kwa sababu ncha inapogusa pedi (kibati cha shaba cha kwenye bodi), joto linamwagikia kwenye shaba ya bodi na kwenye mguu wa kipuri, na ncha inapoa papo hapo. Nyuzi za ziada ni akiba. Kinachotenganisha stesheni nzuri na mbovu ni jinsi inavyogundua kwamba ncha imepoa, na jinsi inavyorudisha joto haraka. Namba ya kwenye skrini haikuonyeshi hayo. Mashine inaweza kuonyesha 350 muda wote huku ncha yenyewe ikiwa imeshuka hadi 230, kwa sababu kihisio kiko mbali na ncha.

Ndiyo maana fundi mwenye chuma dhaifu cha kulehemu hupandisha joto hadi 450. Lehemu inayeyuka, ndiyo, lakini flaksi (dawa ya kusafisha kiungo) inaungua kabla ya kusafisha, ncha inakuwa nyeusi, na pedi inabanduka kwenye bodi. Stesheni yenye kurudisha joto vizuri inamaliza kazi hiyohiyo kwa 340.

Vipimo vya kuanzia:

- 63/37 kwenye bodi ya kawaida: 320 hadi 350
- lehemu isiyo na risasi: 350 hadi 380
- waya mnene au tabaka la ethi: ongeza ukubwa wa ncha kwanza, halafu nyuzi 20 hadi 30

Wengi wanasahau hilo la kuongeza ukubwa wa ncha. Ncha nene ina shaba nyingi na uso mpana wa kugusa, kwa hiyo inapitisha joto zaidi kwa nyuzi zilezile.

Hatua ya 3: Chagua familia ya ncha

Hapa ndipo uamuzi wenyewe ulipo. Ukishachagua familia, jina la mashine linakuwa jambo dogo.

*Chuma cha wati 60 chenye kitufe cha joto kwenye mpini.* Siyo stesheni, ni chuma cha plagi ya ukutani. Vingi vinatumia ncha za 900M, ambazo ni nyingi na rahisi kila mahali. Mwanafunzi anayeanza anaweza kufanya nacho kazi nyepesi kwa muda mrefu tu. Kile kingine cha wati 40 au 60 kisicho na kitufe chochote usinunue: kinawaka moja kwa moja hadi kinapita 400, na ncha yake huliwa haraka.

*936 na ndugu zake.* Hakko ya Japani iliitoa 936 miaka mingi iliyopita na imeshaacha kuitengeneza, lakini muundo wake umeigwa na viwanda vingi vya China: Yihua, Quick, Gordak na wengine. Ndani kuna transfoma ya volti 24, hita ya seramiki, na ncha ya 900M inayovaa juu ya hita. Faida yake ni ncha, zinauzwa hadi kwenye maduka ya vipuri vya redio. Udhaifu wake ni kwamba hita na ncha ni vitu viwili, na katikati kuna nafasi ya hewa. Kwenye nakala za bei ya chini hita huwa fupi, haifiki mwisho wa tundu la ncha, na hapo joto hurudi polepole. Kwa kazi nyepesi inafaa kabisa. Kwa plagi ya XT60 itakuchosha.

*Hakko FX-888D na Weller WE1010.* Zina wati 70 kila moja, na ncha bado inavaa juu ya hita, lakini zimetengenezwa kwa vipimo vya kweli. FX-888D inatumia ncha za T18, WE1010 inatumia za ET. Ni mashine za kudumu. Ila FX-888D ina vitufe viwili tu vya kubadilishia joto na utaratibu wake unaudhi. Toleo la DX limerudisha kitufe cha kuzungusha. Kabla ya kuagiza, hakikisha unajua utazitoa wapi ncha za T18 au ET.

*T12.* Hapa ncha, hita na kihisio vimefungwa pamoja katika katriji moja. Kihisio kiko jirani na ncha, kwa hiyo mashine inagundua upesi, na kutoka baridi hadi 350 ni sekunde kumi na kitu. Katriji zilibuniwa na Hakko, na za kuiga zimejaa sokoni kwa bei ya chini. Stesheni za T12 za China, kama KSGER na Quicko, ndizo tungempa mtu anayeuliza "ninunue ipi?" bila maelezo zaidi, kwa masharti ya ethi yaliyo katika Hatua ya 4.

Hesabu ya nguvu unaweza kuifanya mwenyewe. Katriji ya T12 ina ukinzani wa omu 8 hivi. Zidisha volti kwa volti, gawa kwa omu. Volti 24 zinatoa wati 72. Chaja ya laptop ya volti 19 inatoa 45. Betri ya gari ya volti 12 inatoa 18 tu. Mashine ileile, katriji ileile. Kwa hiyo tangazo linalosema "T12 ya wati 120" linazungumzia pawa saplai, ncha yako haitaziona hizo wati 120.

*C245 na C210.* Ni katriji za JBC ya Hispania, na siku hizi kuna stesheni za China zinazozipokea, kama AIXUN na SUGON. C245 ina ukinzani mdogo kuliko T12, hivyo inaweza kuvuta zaidi ya wati 100 kwa muda mfupi na inawaka ndani ya sekunde chache. C210 ni nyembamba, ya kazi za simu. Kama orodha yako imejaa kazi nzito na mfuko unaruhusu, C245 ndiyo jibu. Ila katriji halisi ya JBC moja inaweza kukaribia bei ya stesheni nzima ya 936, na za kuiga zinatofautiana sana ubora.

*Pinecil na TS100.* Ni mpini peke yake wenye kompyuta ndogo ndani, unaochomekwa kwenye chaja ya USB-C au pawa saplai ya volti 12 hadi 24 (TS100 haipokei nguvu kwa USB-C, ina tundu la DC tu). Zinafaa sana kwa mtu asiye na meza ya kudumu au anayeishi kwa sola. Tatizo huwa kwenye chaja. Soma maandishi madogo yaliyo mgongoni mwake: unatafuta mstari unaosema 20V na 3A au 3.25A. Kwa volti 20, ncha ndefu ya omu 8 inapata wati 50, na ncha fupi ya omu 6.2 inapata wati 64. Chaja ya simu inayoishia volti 9 itakupa wati 10, nawe utadhani chuma ni kibovu.

Hatua ya 4: Umeme na ethi

Tanzania umeme wa nyumbani ni volti 230, Kenya na Uganda ni 240, zote kwa hezi 50. Lebo ya nyuma ya stesheni isome 220–240V, 50Hz. Stesheni ya volti 110 iliyoletwa na ndugu kutoka Marekani itaunguza transfoma ndani ya dakika chache, na adapta ya plagi haibadilishi volti hata moja. Utahitaji transfoma ya kushusha umeme, mzigo ambao haufai kuubeba kwa ajili ya stesheni.

Stesheni nyingi za China huja na plagi ya kwao au ya Ulaya, na duka litakupa adapta. Nyingi ya adapta hizo hazina njia ya ethi. Dawa ni kukata plagi na kufunga ya pini tatu bapa. Ukiifungua plagi ukaitazama kwa ndani, pini ya ethi ikiwa juu: waya wa kijani na njano unakwenda juu, kahawia kulia kwenye fyuzi, bluu kushoto. Fyuzi ya ampea 3 inatosha. Ile ya 13 inayokuja na plagi iondoe, maana itaruhusu kebo nyembamba ya stesheni kuungua kabla yenyewe haijakatika.

Ethi ina kazi mbili. Ya kwanza ni uhai wako: hita ikipasuka na umeme ukagusa chuma, ukatike. Ya pili ni uhai wa vipuri. Stesheni za T12 na chaja za USB-C zinatumia pawa saplai ndogo za swichi, na ndani yake kuna kapasita zinazovujisha umeme kidogo kutoka upande wa ukutani. Bila ethi, ncha inaweza kuelea kwenye volti 100 na zaidi. Mkondo ni mdogo, pengine utahisi mnyeo tu ukigusa, lakini geti la MOSFET (aina ya transista) haliuvumilii. Unahangaika na transista mpya inayokufa kila ukiibandika, kumbe mwuaji ni chuma chenyewe.

TS100 ina skrubu nyuma ya mpini ya kufungia waya wa ethi. Tumia waya laini wenye klipu ya mamba. Kama huna ethi ya uhakika, angalau chomoa kila kitu kwenye bodi unayolehemu: betri, kebo ya kompyuta, na kebo ya osiloskopu. Mkondo unaovuja hauna pa kwenda kama bodi haijashikana na chochote.

Kwa wenye inveta ya sola ya bei ndogo, ile isiyotoa wimbi safi: stesheni ya transfoma italia na kupata moto kuliko kawaida. Chagua ya pawa saplai ya swichi, au Pinecil.

Hatua ya 5: Ipime dukani

Muuzaji atakuambia ni og, yaani halisi. Mwambie sawa, kisha omba soketi. Maduka mengi ya Kariakoo (Dar es Salaam) na Luthuli Avenue (Nairobi) yana meza ya kujaribia, na asiyetaka ujaribu amekujibu tayari. Nenda na multimita, sumaku ndogo, waya wa nyumba wa 2.5 mm² uliochunwa sentimita tatu, na lehemu yako mwenyewe.

1. Kabla ya kuchomeka, weka multimita kwenye omu. Waya mmoja kwenye pini ya ethi ya plagi, mwingine kwenye ncha. Unataka chini ya omu 2. Ikikupa megaomu 1 au isisome kitu, ncha haijaungwa ethi moja kwa moja. Kabla ya kuihukumu, sugua kidogo mahali unapogusa, maana uchafu wa ncha unadanganya.
2. Gusa ncha kwa sumaku. Ncha nzuri ni shaba iliyovikwa chuma, na lile vazi huvutwa na sumaku. Isiyovutwa kabisa ni shaba tupu. Inapitisha joto vizuri, lakini lehemu itaila na ndani ya wiki chache itakuwa na shimo.
3. Washa, weka 350, hesabu. T12 inapaswa kufika kabla ya nusu dakika. 936 itachukua dakika moja hivi. Ikizidi dakika mbili, iache.
4. Jaribio linaloamua ndilo hili. Funga ncha ya patasi ya milimita 2.4, shika ule waya wa 2.5 mm² kwa koleo mbali na mwisho wake, weka ubavu wa ncha kwenye shaba na gusisha lehemu upande wa pili wa waya, usiguse ncha. Tazama. Kwenye stesheni nzuri, baada ya sekunde chache lehemu inageuka ghafla kuwa majimaji yanayong'aa na kukimbia kuzunguka waya wote. Kwenye dhaifu inabaki kama uji, inaganda na kuyeyuka, na ncha inanata kwenye waya. Rudia mara tatu mfululizo bila kuipumzisha. Mara ya tatu ndiyo inayosema ukweli.
5. Tikisa kebo karibu na mpini na karibu na plagi ya stesheni huku ukitazama skrini. Joto likiruka, kuna waya uliokatika ndani.
6. Shika kebo yenyewe. Ya silikoni inabaki laini na haiyeyuki ikiguswa na ncha. Ya plastiki ngumu inavuta mkono kila unaposogea, na siku moja utaiunguza.

Kama unaagiza mtandaoni huwezi kufanya haya, basi omba picha ya lebo ya nyuma na picha ya ndani. Ndani unatafuta waya wa kijani na njano uliofungwa kwa skrubu kwenye mwili wa chuma wa stesheni, na mwingine unaokwenda kwenye mpini.

Kuhusu usahihi wa namba za skrini, usihangaike sana. Tofauti ya nyuzi 20 haina madhara ukishaizoea mashine yako. Ukitaka kujua iko wapi, chukua lehemu ya kuaminika ya 63/37, weka stesheni 170, kisha panda nyuzi tano tano ukigusa. Pale inapoyeyuka ndipo ncha yako ina 183 hivi.

Hatua ya 6: Ncha tatu, lehemu na flaksi

Ncha inayokuja kwenye boksi mara nyingi huwa ya sindano, na ndiyo ncha mbaya kuliko zote kwa anayeanza. Ina sehemu ndogo mno ya kugusa, joto halipiti, na mtu anajilaumu bure. Nunua siku hiyohiyo:

- Patasi ya milimita 2.4, kwa kazi nyingi. Kwenye 936 inaitwa 900M-T-2.4D, kwenye T12 ni T12-D24, kwenye FX-888D ni T18-D24.
- Kisu, yaani herufi K. Ubavu wake unayeyusha miguu mingi kwa pamoja, na ukingo wake unaburuta lehemu kwenye IC (chipu) za SMD.
- Iliyokatwa mshazari kama kwato, ya milimita 2 hadi 3, kwa mfano T12-BC2. Inabeba tone la lehemu kichwani.

Kwa kazi nzito ongeza patasi ya milimita 4 au 5.

Tenga sehemu ya bajeti kwa vitu vinavyoisha. Lehemu ya 63/37 ya milimita 0.8 yenye rosini ndani, na ya 0.6 kwa SMD. Lehemu ya kughushi ipo: kwenye roli imeandikwa 63/37, lakini inachelewa kuyeyuka na kiungo kikipoa kinakuwa cha chengachenga, kijivu. Isichanganywe na isiyo na risasi, ambayo hata ikiwa nzuri haing'ai sana. Flaksi iwe ya rosini au ya elektroniki. Ile ya makopo ya mafundi bomba ina asidi, inakula ncha na inaendelea kula bodi miezi baada ya wewe kufunga kifaa. Utambi wa shaba na pampu ya kunyonyea lehemu vitakuja kuhitajika wiki ya kwanza.

Hatua ya 7: Hewa moto, sasa au baadaye?

Baadaye. Bloa, yaani mashine ya hewa moto, inahitajika kung'oa IC za SMD na soketi zenye miguu mingi, na mtu wa kazi nyepesi anaweza kukaa mwaka mzima bila kuigusa. Zile stesheni za mbili kwa moja (chuma na bloa) zinaokoa nafasi mezani, lakini upande mmoja ukifa mashine yote inakwenda kwa fundi. Tunapendelea vitenganishwe.

Ukifika hapo, bloa ya 858D ni ya kawaida na inatosha kwa nyumbani. Ina feni ndani ya mpini. Ifungue kabla ya kuichomeka, kwa sababu kwenye baadhi ya nakala swichi imewekwa kwenye nyutro badala ya laini, maana yake ukizima bado umeme uko kwenye hita, na chuma cha mpini hakina ethi. Vyote viwili hurekebishika kwa dakika chache. Ukimaliza kazi irudishe kwenye kishikio chake na isubiri feni isimame yenyewe kabla ya kuzima ukutani, la sivyo hita inaungua kwa joto lake.

Hatua ya 8: Siku ya kwanza na kila siku

Weka 250, na ncha inapopanda joto izungushie lehemu yenye rosini mpaka sehemu yote ya kazi ing'ae. Kisha panda hadi joto la kazi. Ukianza na 400 kwenye ncha kavu, inaungua kabla haijapata vazi la bati, na haitashika lehemu tena.

Kufuta, tumia sponji ya nyuzi za shaba ya njano. Ile ya maji inafaa pia, mradi iwe na unyevu tu, isidondoshe. Kwa walio pwani, maji ya kisima yenye chumvi yasiingie kwenye sponji, yanaozesha ncha. Ukiweka chuma chini kwa zaidi ya dakika tano, shusha hadi 200 au zima. T12 nyingi hufanya hivyo zenyewe kwa kihisio cha mtikisiko; kiwashe kwenye menyu. Kabla ya kuzima, futa ncha halafu iache na lehemu mpya juu yake. Usiipige msasa wala tupa. Ukiondoa lile vazi la chuma, umeshaiua.

Moshi unaopanda ni wa rosini, na unaweza kuleta pumu kwa anayeuvuta mara kwa mara. Feni ya kompyuta ya milimita 120 ikivuta hewa kutoka kwako inatosha. Risasi haigeuki mvuke kwa nyuzi 350, inaingia mwilini kwa vidole. Nawa kwa sabuni kabla ya kula, na lehemu isishikwe kwa meno.

Ikigoma

*Ncha ni nyeusi na lehemu inateleza.* Shusha hadi 250, ichovye kwenye flaksi, isugue kwenye nyuzi za shaba, weka lehemu nyingi, rudia. Ikishindikana mara tano au sita, badilisha ncha.

*Kiungo kinakuwa na mkia mrefu kila unapotoa chuma.* Flaksi imeungua. Ongeza flaksi mpya, punguza joto au punguza muda.

*936 haiwaki kabisa au skrini inapanda bila ncha kupata moto.* Chomoa mpini na upime pini zake ukiwa umepoa. Kwenye muundo wa asili wa Hakko hita inasoma omu 2.5 hadi 3.5, na kihisio omu 43 hadi 58. Nakala nyingine zimefungwa hita ya waya na themokapo (kihisio cha joto cha aina nyingine), namba zake ni tofauti, kwa hiyo linganisha na hita mpya unayotaka kununua kabla hujalipa. Kama hita haisomi kitu, imekatika. Hubadilishwa yenyewe bila mpini, nyaya nne tu. Kama vyote vinasoma sawa mpini ukiwa umetulia na vinapotea ukiupinda, tatizo ni kebo, na mara nyingi imekatikia sentimita mbili tatu kutoka kwenye mpini.

*T12 inaandika kosa ikiingizwa katriji.* Itoe, futa zile pete za mwisho kwa spiriti, irudishe hadi ifike mwisho. Kihisio na hita viko kwenye njia moja ndani ya katriji, kwa hiyo mgusano mbaya kidogo tu unavuruga usomaji wa joto. Ikiendelea, pima pete mbili za umeme: omu 8 hivi ni nzima, kutosoma kabisa ni mfu.